Upepo Uliochorwa Kinyume: Maisha ya Mwalimu Wendell Thayer, 1921–2011

Padri, jamaa zetu, majirani wa mji wetu wa Zelenka, na ninyi wanafunzi wa Mwalimu mliojaa mpaka ukumbi wa chini: mimi ni Marcella, mtoto wake wa kwanza. Programu mlizo nazo zimechapwa kurasa mbili. Mimi nina tatu. Ule wa tatu ndio mgumu kuusoma, kwa hiyo nivumilieni.

Marehemu Wendell Amos Thayer alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 katika kijiji cha Corliss Point, Ohio, ukingoni mwa Ziwa Erie, akiwa mtoto wa tatu wa Amos Thayer, fundi wa boti, na mkewe Edith. Aliogopa maji tangu utotoni. Babu alizoea kumtania kwamba mtoto wa fundi boti anayeogea kikombe ni aibu ya ukoo. Kuogelea alijifunza jeshini kwa kulazimishwa, na siku alipoacha jeshi akaacha na kuogelea. Mnaokumbuka pikiniki za shule pale mtoni mtakumbuka kwamba yeye alikaa juu kwenye nyasi akilinda viatu vyenu.

Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari ya wilaya, akamaliza mwaka 1939 akiwa wa kwanza katika hesabu. Alikuwa ametimiza miaka miwili ya chuo cha ualimu Marekani ilipoingia vitani. Mwezi Machi 1942 alijiunga na urubani wa jeshi la majini. Nilimuuliza mara moja, mtu anayeogopa maji alikwenda kutafuta nini huko? Akasema foleni yao ilikuwa fupi. Alipata mbawa zake, nembo ya rubani aliyehitimu, tarehe 16 Aprili 1943, akapelekwa Pasifiki kwenye meli ya kubeba ndege.

Alikuwa mwoga. Ananisikia, na ni yeye aliyetaka lisemwe. Kabla ya kila safari alitapika, na fundi wa ndege yake alimwekea kopo maalumu bila kumcheka. Kutua ndiko kulikomtoa jasho. Meli ukiwa juu, alisema, ni kama kiberiti kilichoanguka kwenye shamba lililolimwa, nawe unatakiwa ukanyage kiberiti hicho hicho, nacho kinatembea.

Rubani aliyeruka naye ubavuni alikuwa kijana wa mji huu, Ludvik Josef Havranek, mtoto wa kwanza wa Josef na Barbora Havranek. Ludvik hakuwa mwoga. Alikuwa mcheshi, alipiga tarumbeta, na alimwahidi baba yangu bata wa kuokwa wa mama yake vita vikiisha. Tarehe 18 Agosti 1944 waliondoka pamoja kwenda kupeleleza, kila mmoja na ndege yake. Ludvik hakurudi. Programu yenu inasema, "Wendell alirejea salama, akatunukiwa nishani." Hapo ndipo karatasi zetu zinapoachana.

Rubani wa meli hutafuta njia ya kurudi kwa hesabu. Ana ubao mapajani, na juu yake huchora mwendo wake, mwendo wa meli, na upepo. Upepo huitwa kwa jina la unakotoka; wa kaskazini-mashariki hutoka kaskazini-mashariki. Siku ile kifaa cha redio cha kuwaongoza kilikuwa kimekufa, mvua ilikuwa mbele yao, na baba yangu, akiwa kiongozi, alichora kwa haraka. Mshale wa upepo aliuchora kinyume, ukielekea kule upepo ulikotoka. Hofu ilikuwa imemkaba hata hakurudia hesabu.

Ludvik alikuwa na ubao wake, na alichora sawasawa. Kusema redioni kulikuwa kumekatazwa, adui asiwasikie, kwa hiyo alisogea karibu mpaka wakaonana nyuso, akanyoosha kidole kuume, akaugonga ubao wake. Baba yangu akajigonga kichwani. Ndiyo ishara yao: naongoza mimi. Ludvik akanyoosha kidole mara ya pili. Baba yangu akajigonga tena. Basi Ludvik akatii, akamfuata.

Walipofika mahali ambapo meli ilipaswa kuwapo hapakuwa na kitu, ni bahari tupu. Hapo ndipo alipotazama ubao na kuuona mshale. Waligeuka, lakini anayefuata hula mafuta kuliko anayeongoza, maana kila saa anaongeza na kupunguza mwendo ili asiachwe. Ndege ya Ludvik ilizimika kwanza. Aliishusha majini vizuri. Baba yangu alizunguka juu yake mara tatu, akamwona akisimama juu ya bawa na boya lake la manjano, akimpungia mkono aende. Akaenda. Alitua melini na mafuta ya dakika nne.

Walimtafuta siku mbili, hawakumwona. Mkubwa wao alipouliza kilichotokea, baba yangu aliandika kwamba upepo uligeuka. Upepo haukugeuka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na aliogopa, na karatasi ile ikamletea nishani.

Tarehe 2 Mei 1946 alishuka kwenye treni hapa Zelenka, mvulana wa Ohio asiyemjua mtu, kuja kuwaambia wazee wa Ludvik ukweli. Alikuwa amekata tiketi ya kurudi jioni ile ile. Mama Barbora alimfungulia mlango, akamtazama sare, akamvuta mkono hadi mezani, akasema mambo yote yanangoja bata. Akamkalisha kwenye kiti cha Ludvik. Vlasta, mdogo wa mwisho wa Ludvik, alikuwa msichana wa miaka tisa, naye alikaa mkabala wake akimkodolea macho. Baba alipomaliza kula, Mama Barbora aliuliza jambo moja tu.

"Aliteseka, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mara moja. Hakujua kitu."

Mama Barbora akafanya ishara ya msalaba na kumshukuru Mungu. Tiketi ile ya jioni tuliikuta wiki hii ndani ya kitabu cha sala cha baba. Shule ilikuwa haina mwalimu wa hesabu tangu vita, Mzee Josef alikuwa kwenye kamati yake, na kufikia Jumapili baba alikuwa ameshapewa kazi. Ninyi mlidhani alibaki kwa mapenzi ya rafiki yake. Alibaki kwa sababu alishindwa kusema, akaona aibu kuondoka. Kila tarehe 18 Agosti alialikwa kwa Havranek, kiti kile kile, bata yule yule, na kila mwaka alikwenda roho juu, akidhani leo ndiyo leo.

Alifundisha hesabu kwa miaka arobaini na mmoja, tangu Septemba 1946 hadi Mei 1987. Siku ya kwanza ya kila darasa aliita mtoto ubaoni na kumwambia achore upepo wa kaskazini. Watoto wa wakulima mlikuwa mkimcheka. Eldon Vrba, najua upo pale nyuma, ndiwe uliyemwambia, "Mwalimu, hata ndama anaujua upepo wa kaskazini, anaupa mgongo." Naye akakujibu, "Ndama hana haraka. Chora tena." Mlimwita Bwana Rudia. Mlimpigia kelele mitaani, mlipokuwa na watoto wenu wenyewe, kwamba mmesharudia, naye alicheka na kuinua kofia. Mimi nilimwona akiingia ndani baada ya kicheko kile. Alikuwa akikaa kwenye kochi bila kuvua koti.

Tarehe 11 Juni 1949 alifunga ndoa na Albina Sedlacek, karani wa shule, katika kanisa hili, na matarumbeta yakapigwa mpaka barabarani. Walijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Thomas. Mimi nilipobatizwa, aliyesimama nami kama mama wa ubatizo alikuwa Vlasta Havranek, akiwa bado msichana wa shule. Mama Albina alitutangulia mwaka 2003. Yeye pia hakuambiwa. Kila Agosti alimwona mumewe ameinama mezani juu ya ubao wa zamani na penseli, akatuambia tunyamaze, Mwalimu anatunga mitihani.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2009, na maji yakawa yanajaa mapafuni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tarehe 12 Septemba mwaka huu, saa nne asubuhi, alinikalisha jikoni, akaweka ubao ule mbele yangu, akanieleza yote niliyowasomea. Alisema kila akikosa pumzi anamwona Ludvik juu ya bawa. Nikamwambia basi tumpigie Vlasta sasa hivi. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Naogopa, Marcella. Nisomee wewe, siku ambayo sitaweza kukimbia."

Nilikubali, kisha nikamkasirikia. Bado nimemkasirikia. Yeye ametoka, ameniachia mimi mji mzima wa kuutazama usoni. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2011, saa nane mchana, hospitalini, mimi na Thomas tukiwa kando yake.

Jana nilishindwa kungoja leo. Niliona si haki mtu asikie habari ya kaka yake mbele ya halaiki. Nilikwenda kwa Vlasta, nikamkuta akikanda unga wa kolachi, vile vimkate vitamu vya matunda, kwa chakula chetu cha leo. Nilisoma nimesimama mlangoni, koti mwilini, nikiwa tayari kufukuzwa. Mikono yake ilikoma ndani ya unga.

Akasema, "Alitoka kwenye ndege."

"Alitoka, Mama."

"Mama yetu alikufa akishukuru kwamba hakujua kitu."

Nilimuuliza kama nisisome. Alikwangua unga vidoleni bila kunitazama, nikadhani nimempoteza, mtu aliyenilea nusu ya maisha yangu.

"Msamaha usiniulize leo, mwanangu, sina. Ila usome. Kaka yangu alichora sawasawa, watu wajue. Nitakaa mbele. Nikiinuka nikatoka, wewe endelea kusoma."

Kisha akarudi kwenye unga wake.

Marehemu ameacha watoto wawili, Marcella na Thomas, wajukuu watano, kitukuu mmoja, dada yake Harriet, aliyeko Ohio na hakuweza kusafiri, wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu, yeye aliyehesabu kila kitu, na Vlasta Havranek, ambaye sijui tangu leo nimwandike wapi katika orodha hii, lakini siwezi kumwacha nje.

Apumzike Ludvik Josef Havranek, aliyekuwa sahihi, huko baharini aliko. Na baba yangu, Wendell Amos Thayer, apumzike hapa katika ardhi kavu, mbali na maji, na hofu yake iishe.

Nimefika mwisho wa karatasi. Mama Vlasta, tangu nilipolitaja jina la kaka yako sijainua macho, maana nimeogopa kuona benchi tupu. Sasa nayainua.