Naftaly Koome Bundi (1963–2025), Fundi Aliyekataa Kuachilia Gesi Hewani

Tunawashukuru nyote mliofika hapa Igoji leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, kumsindikiza mzee wetu. Wengi wenu mlimwita Fundi tu, na yeye aliitikia jina hilo kuliko majina yake matatu.

Marehemu Naftaly Koome Bundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa hapa Igoji, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bundi na marehemu Mama Kinya, wakulima wa kahawa na ndizi. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kufungua vitu. Akiwa na miaka sita aliifungua redio ya baba yake, na ilipofungwa tena ilishika stesheni moja zaidi. Mzee Bundi hakujua kama amchape au amshukuru.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1970, kisha sekondari mjini Nkubu, alikomaliza mwaka 1980. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Embu kusomea friji na viyoyozi, yaani mashine za kupoza hewa ndani ya nyumba. Wenzake walimcheka. "Meru kuna baridi ya bure," walimwambia. "Utamuuzia nani?" Naye aliwajibu, "Nyinyi hamjalala Siakago. Hamjalala Isiolo." Alihitimu mwaka 1984 akiwa wa pili darasani.

Akiwa bado mwanafunzi aliitwa kutengeneza friji ya mama mmoja wa Runyenjes, na huko akamkuta mpwa wa mama huyo, Ruguru Ndwiga. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 1989. Mama Ruguru hujibu hivi akiulizwa ilikuwaje: "Friji ilipona siku ya kwanza. Yeye ndiye aliendelea kurudi." Mungu aliwajalia watoto wawili, Bundi, ambaye sasa ni mwalimu Chuka, na Kinya, aliyepewa jina la nyanyake na kufuata kazi ya baba.

Marehemu alifanya kazi Nairobi kuanzia mwaka 1985 hadi 1997. Mwaka 1998 alirudi Meru na kufungua karakana karibu na soko la Gakoromone, akihudumia nyumba za watu kuanzia Meru na Isiolo hadi Embu na Mbeere. Kwa miaka mingi alifanya kama mafundi wote walivyofanya. Kabla ya kufungua kiyoyozi kibovu, alilegeza vali na kuiacha gesi yote itoke hewani. Wateja waliipenda sauti ile. Kwao, gesi ikilia ndipo fundi amefanya kazi.

Mwaka 2010 alihudhuria mafunzo Nairobi na kujifunza kwamba gesi ile inaongeza joto la dunia. Alirudi nyumbani. Jioni hiyo alimwambia Mama Ruguru, "Hii mvua tunayolalamika imepotea, mimi pia nina mkono wangu ndani." Mwaka uliofuata alinunua mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye kiyoyozi na kuiweka kwenye mtungi, ili isafishwe na kutumika tena. Tangu siku hiyo hakuachilia gesi tena.

Haikuwa rahisi. Mteja wake wa kwanza kwa mashine hiyo alikuwa Mama Fosia Khalif wa Majengo, ambaye ana duka chini na makao yake ghorofa ya tatu. Yuko nasi hapa leo. Mama Fosia alisikiliza, hakusikia gesi ikilia, kisha akauona ule mtungi ukishushwa ngazi.

"Fundi, simama hapo. Hiyo si gesi yangu unatoka nayo?"

"Ni gesi mbovu, Mama."

"Kama ni mbovu, mbona umeifungia vizuri hivyo?"

Marehemu hakubishana. Alienda dukani kwa Mama Fosia, akaomba mizani ya sukari, akaupima mtungi mbele yake. Kisha akampimia mtungi wa gesi mpya kabla na baada ya kuijaza kwenye kiyoyozi, aone kilichotoka na kilichoingia. Mama Fosia, ambaye hakuna mtu amewahi kumdanganya kwa mizani, aliridhika. Kuanzia hapo marehemu hakuingia nyumba ya mtu bila mizani, na hiyo ikawa ndiyo njia ya karakana yake.

Mnamo Februari 2024 alianza kuishiwa na pumzi. Madaktari walisema moyo umedhoofika na wakamkataza kupanda ngazi na kubeba mizigo. Kinya alichukua kazi zote za nje. Lakini Machi mwaka huu ile mashine ya zamani, iliyokuwa na uzito wa kilo ishirini na nne, iliharibika kabisa. Pesa zilitosha kununua moja tu. Kama wangekosea, Kinya angelazimika kufunga karakana, au kurudia kuachilia gesi kama zamani. Marehemu alisema wazi kwamba hilo la pili lilimuumiza kuliko ugonjwa.

Yeye alitaka nyingine kubwa kama ile ya kwanza. Kinya alitaka ndogo ya kilo kumi na moja. Walibishana wiki mbili.

"Hiyo yako ni ya kubebea chakula cha mchana," baba alisema.

"Na yako ni ya hoteli, Baba. Kiyoyozi cha nyumba kina kilo moja ya gesi. Unataka kukamua mbuzi kwa mashine ya ng'ombe?"

"Kubwa hudumu."

"Kubwa hubaki kwenye gari."

Mwishowe marehemu alipendekeza wapime, kama kawaida yake. Alinunua viazi Gakoromone, akapima kilo ishirini na nne ndani ya sanduku moja la vifaa na kilo kumi na moja ndani ya lingine. Wakaenda kwa Mama Fosia. Marehemu aliketi kwenye kiti dukani akiwa na saa mkononi, na Kinya akapanda ngazi na sanduku zito. Alipumzika mara tatu. Alipofika juu, Mama Fosia alifungua mlango, akachungulia sandukuni na kuona viazi.

"Kinya, mmeniletea baridi ama mmeniletea chakula?"

Sanduku la pili alipanda nalo bila kusimama, huku akimjibu Mama Fosia. Alipofika chini, alimkuta baba yake amekwisha kuiweka saa mfukoni. "Nilikuwa nachagulia mabega yangu," baba alisema. "Mabega yangu hayaendi tena kazini. Chagua wewe."

Viazi alibaki navyo Mama Fosia.

Hata hivyo marehemu hakumwachia Kinya hivi hivi. Alimtaka ajibu maswali yake kwanza. Je, mashine hiyo inakubali gesi za zamani na pia hizi mpya zinazoweza kushika moto? Inajizima yenyewe presha ikipanda? Inawaka pale stima ni hafifu, kama kule Siakago? Vipuri vinapatikana Nairobi, au ni mpaka ng'ambo? Kinya alikosa jibu la stima. Alipiga simu kwa fundi mwenzake aliyekuwa na mashine kama hiyo, akaomba waende kuijaribu kwa jenereta ndogo. Iliwaka. Ndipo marehemu akasema, "Sasa nunua."

Mashine ilifika tarehe 3 Juni. Jumatatu tarehe 9, Kinya alifanya nayo kazi ya kwanza katika nyumba moja mjini Embu. Marehemu alikwenda naye na kuketi sebuleni. Kinya alivuta gramu mia nane na hamsini, akampimia mwenye nyumba. Baba hakusema neno lolote la kumsahihisha. Wakiwa njiani kurudi alilala usingizi mzito hadi Nkubu, na Mama Ruguru anasema hakuwa amelala vizuri hivyo tangu Machi.

Katikati ya Agosti hali yake ilizidi kuwa mbaya, akalazwa hospitalini Nkubu. Alifariki Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Mama Ruguru akiwa kando yake. Jioni iliyotangulia Kinya alikuwa amempitia akitoka kazini Isiolo. Alimuuliza swali moja tu, "Mashine umeipeleka juu peke yako?" Kinya akajibu kwamba ndiyo. Marehemu akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho.

Amemwacha mjane wake, Mama Ruguru, watoto wake, Mwalimu Bundi na Fundi Kinya, wajukuu watatu, ndugu yake Kaimenyi na dada yake Gatakaa. Karakana itafunguliwa Jumatatu tarehe 1 Septemba saa mbili asubuhi, na Kinya ameomba wateja wa Siakago wajue kwamba siku hiyo ataanzia kwao.

Mungu wa rehema ampokee Fundi wetu na kumpa pumziko la amani.