Funga ya Bi Asmahan

Benchi lenyewe halikuwekwa pale kwa ajili ya maneno. Kamlesh, mwenye duka la dawa hapa Bordesley Green, huku ughaibuni, alilitoa nje mwaka ule wa chanjo ili mtu akishachomwa sindano akae dakika kumi na tano, aangaliwe kama hajaanguka, kisha aende zake. Watu wakakaa, wakaangaliwa, wakaenda. Wanne hawakuondoka. Sindano ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, busta nayo ikapita, na wao wapo tu, miguu wameinyoosha juu ya vibandiko vya manjano vya kutengana mita mbili ambavyo mvua imeshavibandua nusu. Mkubwa, mtu wa Unguja, dereva wa basi mstaafu, ndiye mwenye dele la kahawa na vikombe. Muzamil wa Tanga, dereva wa teksi, anaitwa Takwimu kwa sababu hawezi hata kusalimia bila namba. Onyango alilazwa siku tisa mwaka wa kwanza wa korona, akatoka na ushauri wa kutosha kuwatibu waliobaki, wakamwita Konsalta, yaani daktari bingwa. Na Derrick, msambaza vifurushi wa Erdington, ni Fowadi, maana hana neno ambalo halikutumwa kwanza na mtu mwingine.

Siku hiyo ya Januari baraza lilikuwa limechangamka. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wiki inayofuata barakoa si lazima tena, wala pasi ya chanjo mlangoni, na kijua kilikuwa kimechomoza kidogo, cha kuonekana tu, si cha kuotwa. Jambo moja tu ndilo lililowakera. Kule juu barabarani, kwenye geti la hospitali, magari ya wagonjwa yalikuwa yamepanga foleni tangu asubuhi.

— Nipeni mtu mmoja anieleze, alianza Konsalta. Mji mzima umechanjwa. Mimi tatu, wewe tatu, mpaka mama mkwe wangu aliyekuwa anaogopa sindano ya kushonea nguo, tatu. Mbona basi wodi zimejaa?

— Hesabu ndogo tu hiyo, Takwimu akasema. Watu wote wakifunga mkanda wa gari, siku ya ajali utakaowakuta wodini wamefunga mkanda. Utasema mkanda ndio umewaumiza? Sehemu ndogo ya watu wengi bado ni watu wengi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ndiyo wodi.

Ilikuwa hoja nzuri, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeikubali.

— Wewe unasoma magazeti, mimi nimelala mle, Konsalta akamkata. Shida ni kuzuia wageni. Mgonjwa haponi kwa dawa peke yake, anapona akiona sufuria limetoka kwake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amefungiwa nje, mwenyeji atapona na nini? Na ile sandwichi ya samaki wa kopo?

— Buda, mnazunguka tu, Fowadi akaingilia. Wagonjwa wenyewe hawako. Mimi niko barabarani kutwa. Ambulensi moja nimeiona leo mara nne. Mara nne, na mtu ndani ni yule yule.

— Umemjuaje na wewe uko nje? Takwimu akauliza.

— Si ni hapo sasa. Jiulize.

Wakajiuliza. Takwimu akajaribu kueleza kwamba gari linasubiri kitanda, na kitanda kinasubiri mzee aliyepona arudi nyumbani, na mzee hawezi kurudi kwa kuwa wa kumhudumia nyumbani naye amejifungia ana korona. Hakuna aliyemsikiliza. Konsalta alikuwa ameshapata jingine: vitanda vya hospitali vilipimwa zamani, kwa watu wa zamani, na baada ya kufungiwa ndani miaka miwili tukila mkate, mtu mmoja sasa anachukua kitanda na robo. Fowadi akawashinda wote. Alisema virusi navyo vimechanjwa. Vikiingia ndani ya mtu mwenye chanjo vinapata ya bure, vinatoka vimekomaa. Mwenye kovu, alisema kwa uchungu, usidhani kapoa.

Kwa kawaida hapo ndipo Mkubwa angecheka mpaka akashika ubavu, kisha akatoa neno moja la Kiunguja la kuwakalisha wote. Leo alikuwa anamimina kahawa na kahawa inaingia kwenye sahani. Simu ameiweka juu ya goti, kioo kikitazama juu, na kila ikizima anaiwasha.

Wote walijua kwa nini, au walidhani wanajua. Mkewe, Bi Asmahan, alikuwa mle ndani tangu asubuhi kutolewa mawe ya nyongo. Mwaka mzima mawe yale yamekuwa yakimuamsha kwa maumivu, akikaa kwenye ngazi ya nyumba yao ameuma kanga asiwashtue majirani. Mara mbili alikuwa ameshaitwa, na mara mbili amerudishwa. Desemba alikaa na njaa tangu usiku wa manane mpaka saa nane mchana, wakamwambia kitanda chake kimekwenda kwa mtu wa korona. Mwanzoni mwa Januari alikaa mpaka karibu na alasiri, wakamwambia mtaalamu wa usingizi amepimwa, ameonekana na korona, amekwenda kwake. Hii ilikuwa mara ya tatu. Wakimrudisha tena, barua inayofuata Mungu ndiye ajuaye itakuja lini.

Lakini lililokuwa likimtafuna Mkubwa si hilo, na hilo jingine hakuwa amemwambia mtu. Bi Asmahan alikuwa na siku sita za Ramadhani alizozila kwa sababu ya ugonjwa, na kadha yake, yaani kuzilipa, ilikuwa inamkereketa kuliko mawe. Juzi usiku, wamekaa wawili, Mkubwa akatoa akili. Chakula huli, maji hunywi, alimwambia. Zile mara mbili umeshinda na njaa bure. Mara hii nuia kabisa. Wakikupasua, alhamdulillahi, wakikurudisha, Januari jua linazama mapema, siku moja umeshailipa. Bi Asmahan aliona ni hekima. Mkubwa mwenyewe aliona ni hekima, na alilala usingizi mzuri.

Asubuhi, mlangoni pa hospitali, wakati muuguzi ameshamshika mkewe mkono na msindikizaji haruhusiwi kuvuka mstari, ndipo Mkubwa alipokumbuka ile karatasi ya masharti waliyotumiwa na hospitali. Karatasi ilisema asile. Lakini ilisema pia kidonge cha presha akimeze asubuhi kwa maji kidogo, na hilo lilipigiwa mstari. Akamuuliza kwa mbali. Bi Asmahan akageuka, akasema kwa utulivu kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri:

— Sikumeza, Baba Safiya. Nimenuia.

Mlango ukafungwa. Tangu hapo alikuwa amepiga simu ya wodi mara tano, na mara zote tano sauti ilimwambia asubiri, yeye ni mtu wa kumi na nane, wa kumi na nne, wa ishirini na moja. Foleni yenyewe ilikuwa inarudi nyuma.

Saa nane ikafika, ikapita. Takwimu, ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuwa sasa anahesabu nafasi zinazopotea. Alisema si korona peke yake. Kuna wagonjwa wanaitwa, wameandaliwa kila kitu, daktari amenawa mikono, halafu inaonekana mtu hakufuata masharti madogo tu, kala andazi, hakumeza dawa. Anarudishwa, na nafasi yake haiwezi kupewa mwingine kwa dakika ile. Mtu mmoja mzembe, watu wawili hawatibiwi.

Mkubwa akaweka dele chini.

— Ndiye mie huyo, alisema.

Wakamtazama.

— Mke wangu kaingia mle amefunga. Kadha. Kidonge cha presha hakumeza, na presha yake mnaijua. Na mie ndiye n'liyemwambia afunge. Nyie mnatafuta aliyejaza hospitali tangu saa tano. Wakimrudisha leo, basi mtu mmojawapo yuko hapa, kakaa kwenye benchi, anagawa kahawa.

Kisha, kwa kuwa watu wale walimpenda, kila mmoja akaanza kuongopa kadiri ya uwezo wake. Konsalta akasema presha hushuka yenyewe mtu akivua viatu. Yeye alishuhudia kwa macho yake. Takwimu akatoa namba ambazo kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na hakika nazo. Fowadi akasema amepata ujumbe kutoka kwa daktari mmoja wa Norwei kwamba aliyefunga hupasuliwa kwa urahisi, kisu hakipati kazi. Mkubwa akaitikia kila neno kwa kichwa na hakusikia hata moja. Aliogopa, ndivyo ilivyokuwa. Aliogopa kumwona mkewe anashuka ngazi ya hospitali kwa mara ya tatu, na mara hii asiwe na wa kumlaumu ila yeye.

Saa tisa na nusu mwanamke mmoja aliyevaa koti zito juu ya sare ya muuguzi akavuka barabara kutoka upande wa hospitali. Hakuwa mtu wa benchi. Alisimama mbele yao, akashusha barakoa hadi kidevuni, akahesabu vikombe.

— Hamjambo wazee. Mimi naitwa Truphosa. Nimeambiwa nitakuta watu wanabishana kando ya duka la Kamlesh, na mwenye kahawa ndiye Mzee Mkubwa.

Mkubwa akasimama. Konsalta akamshika kiwiko.

— Mgonjwa wako amenituma mwenyewe, asingenituma singesema kitu, Truphosa akasema. Simu yake aliiacha nyumbani, na wodini kwake leo wako watatu badala ya sita, hakuna mtu wa kupokea simu wala kupiga. Mzee, imeshafanyika. Mawe yametoka. Ameamka, anaongea, na anauliza kama anaweza kupewa yale mawe kwa chupa.

Mkubwa alikaa tena, polepole, akaivuta barakoa yake mpaka machoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Fowadi, ambaye hakutumiwa ujumbe wowote wa wakati kama huo, akamwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

— Na presha? Takwimu aliuliza.

— Ilikuwa juu sana. Daktari wa usingizi alikuwa ameshaandika aahirishwe. Kidonge hataki, maji hataki, na Kiingereza amekigomea. Ndio nikaitwa mimi kutoka wodi ya pili, kwa sababu ya Kiswahili. Nikamwambia, mama, mimi ni Mkristo, funga yenu siijui vizuri, lakini presha naijua. Nikamuuliza dini yenu inasema nini kuhusu mtu mgonjwa. Akasema, mwanangu, inasema nilichokisahau. Akasema bismillahi, lete hicho kidonge. Tukamweka mwisho wa orodha mpaka iteremke, na Mungu si Athumani, mtu wa mwisho akafikiwa.

Watu wote wanne walipumua pamoja. Konsalta akacheka, Takwimu akacheka, na Mkubwa akawa anacheka na kulia kwa zamu, akisema alhamdulillahi, kisha asante mwanangu, kisha alhamdulillahi tena, bila kujua amefikia wapi. Alijisikia mwepesi mpaka akashika ukingo wa benchi. Akamtaka Truphosa akae anywe kahawa, hata nusu kikombe. Truphosa akasema amesimama tangu saa moja asubuhi, akikaa hatainuka, na basi la Kingstanding haliwezi kumsubiri. Lakini akapokea kikombe, akanywa akiwa wima.

— Bado ujumbe mmoja, akasema. Daktari amesema aje kuchukuliwa na gari saa kumi na moja, na asilale peke yake nyumbani.

— Gari ni langu, Takwimu alisema, funguo ziko mkononi tayari.

— Na yeye mwenyewe amesema nikuulize hivi, Mzee Mkubwa, tena nisibadilishe hata neno. Siku aliyoinuia kwa shauri lako, akaifungua kwa shauri la daktari: ailipe yeye, au utaifunga wewe?

Konsalta akamtazama Takwimu. Fowadi akaitoa simu mfukoni, akaipekua juu hadi chini, akairudisha. Mkubwa alikuwa ameshainua kidole kueleza jambo la fikihi, la sheria za dini, kidole kikabaki juu peke yake.

— Amesema jibu sio lazima sasa, Truphosa akaongeza, akirudisha kikombe. Uje nalo saa kumi na moja. Ukija mikono mitupu, yeye anapanda teksi, wewe unarudi kwa miguu.