Lynn Kadzo Charo, Mtabiri wa Theluji kutoka Dabaso

Wachungaji, wazee, majirani na nyote mliofika, mimi ni Mangi, kaka mkubwa wa marehemu, naomba mnivumilie nikisita, kwa kuwa hadi jana jioni hatukuwa na hakika kama leo tungekuwa na wa kumzika.

Lynn alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 hapa Dabaso, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Phineas Charo na Mama Sidi, akasoma shule ya msingi papa hapa, sekondari Malindi, na mwaka 2009 akahitimu elimu ya hali ya hewa jijini Nairobi.

Mwaka 2013 aliajiriwa Kanada, ambako theluji hufunga barabara, na kila msimu wa baridi ofisi yake ilitoa utabiri alfajiri na alasiri, siku tatu kabla, bila kuapa kwamba theluji itaanguka, bali ikitaja uwezekano wake kwa asilimia, na vipimo vipya vikifika namba ilirekebishwa, kwani, alivyotueleza, utabiri sahihi uliochelewa haumfai dereva aliyekwisha kunasa. Mama alikuwa akimuuliza kama atakuja Krismasi, anajibiwa asilimia sitini, naye Mama anafoka kwamba yeye hakuzaa redio.

Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Peterson Thuku, kanisani Watamu, wakajaliwa binti mmoja, Dama, mwenye miaka saba.

Juni mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu, madaktari wakampa asilimia ishirini ya kupona, akatuambia sisi ndugu zake, lakini Mama alipompigia alimjibu kwamba atapona, bila namba yoyote, na Mama akaweka simu chini akalia, maana kabla ya hapo Lynn hakuwahi kumpa jibu la hakika. Alifariki huko Kanada tarehe 11 Januari 2025.

Jeneza lilikuwa lisafiri Jumatatu, ofisi yake mwenyewe ikatoa asilimia themanini ya theluji nzito, ndege ikaahirishwa, tukakaa roho mkononi, kwani kwetu kaburi halichimbwi likalala wazi, na wachimbaji walikuwa wakinitazama mimi niwaambie waanze lini. Peterson alipiga simu kutoka huko kila utabiri mpya ulipotoka, na Mama, yule asiyetaka kusikia asilimia, ndiye aliyeninyang'anya simu kuuliza imefika ngapi sasa, ikawa hamsini, ikawa thelathini, hata ilipofika kumi ndege ikaruka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kazini waliotutumia kila namba bila kuombwa.

Lynn, umefika, Mama ameacha kuuliza. Pumzika kwa amani.