Friji la Cherehani Lipewe Likizo

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha Soli, fundi viatu, na ukikaa ovyo linakumwaga. Asubuhi hiyo Cherehani, mshonaji wa mtaa, alifika na uso wa mtu aliyelala vibaya. Friji lake lilikuwa limeanza tena kunguruma na kumwaga maji, na kesho mama yake anahamia kwake na dawa zake za sindano, zile zisizotaka joto. Mkewe ametaka leo iamuliwe: fundi tena, au friji jipya. Na Cherehani, kusema kweli, alilipenda lile friji. Ndicho kitu cha kwanza walichonunua wakiwa wawili.

— Limechoka tu, alisema Soli akimmiminia kahawa. Mlango si niliushona mimi? Nimeweka mpira wa kiatu pale, hapiti hata sisimizi.

— Sisimizi hapiti, ila mlango naufunga kwa kamba.

— Kamba! Umeuvunjia heshima mpira wangu!

Kamishna, mlinzi mstaafu ambaye hajawahi kuwa kamishna wa kitu chochote, alikohoa kwanza.

— Tatizo ni barafu. Si nilikwambia ukwangue?

— Nilikwangua kwa kisu kama ulivyosema, nikatoboa bomba. Gesi ikatoka inapiga mluzi, fundi akaja kuziba na kujaza nyingine.

— Umeona? Lilikuwa limebana pumzi! Lipe likizo. Lichomoe mchana, lichomeke usiku.

— Na nyama?

— Nyama nayo ipumzike.

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Soli akashusha sauti.

— Mimi nasema lina wivu. Mnataja friji jipya mbele yake. Hayo mambo yazungumzeni chumbani.

— Ligeuze kichwa chini, miguu juu, alimalizia Kamishna. Baridi yote imelala chini. Ligeuze, utaniletea zawadi.

Cherehani alijiona mwepesi. Moyoni alishaanza kutafuta watu wa kumsaidia kuligeuza. Ndipo mkewe akatokea, mkoba begani.

— Shemeji! Karibu kahawa!

— Asanteni, mashemeji. Nina swali moja tu. Kati yenu, nani ataweka dawa za mama yake mzazi ndani ya friji lile?

Soli aliinamia kiatu ambacho alishakimaliza jana. Kamishna akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Aibu ikamwingia Cherehani, maana mama aliyekuwa anazungumziwa ni wake.

— Mimi siweki, alisema, akainuka.

Mkewe akamshika mkono, wakashika njia ya dukani. Walikuwa hawajafika kona Soli akapiga kelele:

— Mkilitoa la zamani, mlango niachieni! Ule mpira bado mzima!