Historia ya Calist Njiku, Fundi wa Mabehewa Yasiyofunguka

Baba paroko, wazee wa ukoo, majirani na ninyi nyote mliotoka mbali, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Karatasi hii inasomwa na Emilian, mtoto mkubwa wa marehemu, kama ilivyoandikwa na shangazi yake Martina, bila kuongeza wala kupunguza. Ndani yake mna maisha ya marehemu, na mna jina la mtu mwingine ambalo marehemu aliomba litajwe siku ya kuzikwa kwake. Wazee wamebishana siku mbili kama litajwe au lifunikwe. Litatajwa.

Marehemu Calist Njiku alizaliwa tarehe 4 Mei 1956 hapa Itigi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Philipo Njiku, kibarua wa njia ya reli, na Mama Selina, akitanguliwa na Martina na kufuatiwa na Simeoni aliyezaliwa mwaka 1960. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akawa hodari wa hesabu na mzito wa kukiri kosa, kwani alivunja kioo cha darasa, akanyamaza, akachapwa Simeoni, na jioni akampa mdogo wake kipande cha muwa, yakaisha hivyo.

Januari 1975 aliajiriwa na shirika la reli, stesheni ya hapa hapa, kazi yake ikiwa kuunga mabehewa na kukagua makomeo ya milango kabla treni haijaondoka, kazi aliyoifanya miaka arobaini na moja bila kuandikiwa barua ya onyo. Tarehe 9 Novemba 1978, wakati nchi imeingia vitani, Simeoni hakurudi nyumbani, na mama alipouliza, Calist akamjibu, "Ameenda Kazikazi." Wageni wajue kwamba Kazikazi ni stesheni, upande wa Tabora, na mama akaelewa kuwa mwanawe amepata kazi kwenye genge la reli huko, akafurahi, akaanza kumtumia unga wa uwele kila mwezi kwa treni ya mizigo kwa mkono wa Calist, na kila mwezi Calist alirudi na salamu, kwamba unga umefika, kwamba Simeoni anashukuru, kwamba likizo imekataliwa. Mama Selina alifariki Februari 1984 akimlaumu Simeoni kwa kumsahau, na maneno aliyoyasema kitandani juu ya mtoto huyo hayafai kusomwa mbele ya paroko.

Tarehe 18 Agosti mwaka huo huo marehemu alifunga ndoa na Ritha, aliyetoka Mkiwa, wakajaliwa watoto watatu, Emilian, Catherine na Eliana, akawalea vizuri, ila hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kujifungia mlango wa chumba.

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2019 alipangisha chumba kwa Benjamin, mpima ardhi wa reli mpya, kijana aliyekuja na sanduku la askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, ambao yeye na wenzake wa Dodoma huwapanga mezani na kuwapiganisha vita vya zamani kwa dadu na futi ya fundi cherehani, watu wazima wenye mishahara yao. Meza yao haikuwa na stesheni wala treni, na marehemu akasema hiyo ni kazi ya mtu wa reli. Akawa anakwenda Singida Mjini kununua treni za kuchezea, zile za bei ya chini, nyekundu na njano, zenye uso unaocheka mbele na muziki tumboni. Alizitoa betri, akaukwangua uso kwa kisu cha moto, akazipaka masizi na kutu ya msumari uliosagwa, akatandaza kokoto laini kwa gundi, akajenga tangi la maji na magunia ya mchanga kwa udongo wa kichuguu, hadi ukitazama unasikia harufu ya vita. Majirani walicheka, na dada yake alimuuliza kama pensheni imemrudisha chekechea. Ritha alidai kusikia treni zikilia kabatini, akaambiwa ni panya, ingawa panya hawapigi honi.

Kasoro ilikuwa moja. Kila behewa alilifunga kwa komeo la nje, akalitia gundi. Benjamin akamuuliza, "Mzee, sasa askari wangu watashukaje?"

Marehemu akamjibu, "Hawashuki."

Januari mwaka huu alianza kuugua mapafu, akalazwa mara mbili, na mwezi Machi akiwa kitandani alimwita dada yake, akasema ukweli alioulalia. Simeoni hakwenda Kazikazi. Alitaka kwenda vitani, mama akamkataza, naye akamwomba kaka yake amfiche katika behewa la chakula cha askari. Calist akamwingiza, akafunga komeo, na treni ilipoanza kuvuta, Simeoni akagonga mlango kutoka ndani.

"Dada, mpaka leo sijui alikuwa ananiaga au alitaka nimfungulie."

Juni 1979 aliletewa taarifa stesheni kwamba Simeoni amefia vitani na amezikwa huko huko, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaendelea kupokea unga. Dada yake hakumwambia amemsamehe, maana unga ule ulikuwa wa mama, na mwenye kusamehe ameshakufa; alimwambia atalitaja jina la Simeoni, kama alivyoomba. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, wastaafu wenzake wa reli mliobeba jeneza, na Benjamin na wenzake wa Dodoma, waliokaa na wanaume wa ukoo tangu juzi bila kuchagua chakula.

Mzee Chediel, baba mdogo wa marehemu, alisema kwenye kikao kwamba tanga halianuliwi kwa mtu asiye na mwili, na kwamba aibu ya nyumba husitiriwa. Amejibiwa kwa heshima zote kwamba aibu hii imesitiriwa miaka arobaini na sita, na aliyesitirika ni mmoja tu, mwingine alibaki na laana ya mama kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo mjue, enyi watu wa Itigi, Simeoni Njiku hakumsahau mama yake. Alikuwa amekufa. Tanga la leo ni la wawili, na kesho kutwa litaanuliwa kwa wawili.

Calist, umesemewa. Simeoni, umesafishwa.

Pumzikeni kwa amani.