Shangazi Aliyewapeleka Wahasibu Bungeni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mhasibu mkuu wetu atafunga mlango wa chumba cha hesabu na kukabidhi funguo. Atakuwa ameitumikia ofisi hii ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu hatujui ofisi hii inafananaje bila yeye. Wahariri wa jarida waliponiomba niandike wasifu wake, nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza, maana sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa meza ya pili kutoka yake.

Huku kazini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi. Chanzo ni mpwa wake wa damu, fundi wa mita, ambaye siku yake ya kwanza kazini alimwona kwenye korido akapaza sauti, "Shangazi, shikamoo!" Naye akaitikia marahaba iliyosikika hadi karakana. Wiki haikwisha, ofisi nzima ikawa wapwa.

Sauti hiyo nayo ina historia yake. Alipoajiriwa kama karani, chumba cha hesabu kilipakana na pampu za zamani, zile zilizokuwa zikinguruma mpaka vikombe vinatembea mezani. Aliyetaka kusikilizwa ilibidi apige kelele. Pampu ziliondolewa, kelele ikabaki kwake. Mpaka leo akiongea kwenye simu, mgeni aliyekaa kwenye benchi nje huinuka taratibu akidhani ndani kuna ugomvi.

Alisoma akiwa kazini. Mitihani ya mwisho ya bodi aliifanya akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, na msimamizi alimruhusu aweke mto nyuma ya mgongo. Alifaulu, akarudi na mto uleule, na hakuna aliyethubutu kuukalia. Kwenye kazi alikuwa mkali wa namba nzima nzima. Mtu akimletea matumizi yasiyo na chenji hata kidogo, alimtazama juu ya miwani na kusema, "Hii imenyooka mno. Nenda kalete ile iliyojikunja." Mara nyingi iliyojikunja ilikuwepo.

Lakini mafundi, wahandisi na wasoma mita watakaosoma hapa wajue kwamba Shangazi ana jambo moja kubwa ambalo halikufanyika ndani ya ofisi hii, ingawa lilianzia hapa. Wahasibu wa nchi nzima wanalijua. Ningependa vijana walioajiriwa juzi walielewe vizuri, kwa sababu linawahusu kila wanaposhika kalamu.

Miaka ya mwanzo, Shangazi hakutaka kabisa kusikia siasa. Chama cha wahasibu kilikuwa na mfuko wa kugharamia utetezi wa taaluma yetu bungeni, na kila mwaka waliomba wanachama wachangie. Yeye alilipa ada ya uanachama mapema kuliko wote, lakini ombi la mfuko alilirudisha kama lilivyo. "Mhasibu kazi yake hesabu," alituambia. "Majukwaa tuwaachie wenye majukwaa." Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa na kurudi kwenye kazi zetu. Kusema kweli, ilikuwa raha kukubaliana naye, kwa sababu kulitubakishia hela mfukoni.

Kisha likaja bomba kuu jipya.

Kwenye dawati la malipo alikuwepo mhasibu mmoja tuliyemwita Mpole, kwa sababu hata akigongwa na mlango alikuwa akiuomba radhi mlango. Bosi wa wakati ule, ambaye aliondoka zamani, alimpelekea hati ya kulipia shehena ya mabomba akamtaka asaini kwamba yamepokelewa. Mpole akatembea mpaka stoo, akarudi, akasema mabomba hayapo. Akaambiwa yako njiani. Akajibu kwa upole wake kwamba yakifika atasaini. Aliamriwa tena mbele yetu sote, naye akaweka mikono mapajani, kalamu ikabaki mezani.

Walikuja kumchukua muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Tulimwona akiinuka, akirudisha kiti chini ya meza kama anavyofanya kila siku, akitoka katikati ya watu wawili tusiowajua. Tuliambiwa amekaidi amri halali na ametoa siri za ofisi, kwa vile alikuwa amemweleza mkaguzi wa nje kilichotokea. Alikaa mahabusu siku kadhaa, kisha akasimamishwa kazi bila mshahara. Mke wake alikuwa amejifungua mwezi uleule.

Shangazi alimtafutia wakili, akaniomba nimsindikize. Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la viatu, na ngazi zake zilinuka gundi. Shangazi alitoa maelezo yote kwa ile sauti yake, na nina hakika wauza viatu walifaidi. Alipomaliza, wakili akafungua kitabu cha sheria, akasoma, akakifunga.

"Mama, hapa hawajavunja sheria," akasema. "Sheria yenyewe ndiyo imekaa hivyo. Mhasibu akiamriwa na mkubwa wake, asaini. Akimwambia mtu wa nje, ni kosa."

"Hata kama anaamriwa kusema uongo?"

"Sheria haikuuliza hilo."

Shangazi akashusha sauti. Kwa waliomzoea, hiyo ilikuwa ajabu ya kutosha. Kisha akauliza, "Na hiyo sheria anaiandika nani?"

"Wabunge."

"Wanaiandika wakiwa wameongea na mhasibu gani?"

Wakili akatabasamu kidogo. "Na yeyote aliyekwenda kuongea nao, mama."

Tulishuka ngazi. Tulipofika barabarani akasimama katikati ya njia, watu wakimkwepa huku na huku, akaniambia, "Kumbe mimi ndiye niliyesema tusiende." Kesho yake asubuhi alilipa mchango wa mfuko, na wa miaka aliyoiruka. Halafu akaja kwenye meza yangu akasimama mpaka nami nikalipa.

Mkutano mkuu wa chama mwaka ule ulifanyika kwenye ukumbi wa chuo. Hoja ya kuongeza michango ya utetezi ilipoletwa, watu waliipinga kwa nguvu. Wahasibu hawapendi kuonekana wana upande, na woga huo una msingi. Mzee mmoja mkaguzi, mtu anayeheshimika, alisema siasa itatuchafua mpaka mizania zetu zisiaminike. Alipigiwa makofi mengi. Shangazi akaomba nafasi, akakataa kipaza sauti.

"Mzee wangu, nakuheshimu sana, na juzijuzi tu nilikuwa nasema hayohayo," akasema. "Lakini siasa haikutusubiri tuifuate. Ilikuja ofisini kwetu, ikamtoa mwenzetu kwenye kiti, na sote tukakodoa macho. Sasa tunachoamua hapa ni kama tutaendelea kukodoa."

Hoja ikapita. Na kama ilivyo kawaida ya mikutano, aliyesema sana akapewa kazi. Akawa mwenyekiti wa kamati ya utetezi, nami akanivuta niwe mjumbe.

Alianza kwa kuweka masharti ambayo baadhi ya wajumbe waliyaona ya kitoto. Kila mchango ubandikwe ukutani, jina na kiasi. Kila chama cha siasa kitembelewe, kikubwa na kidogo. Hakuna mjumbe kuvaa rangi za chama chochote siku ya kazi ya kamati. Kuna bwana mmoja aliyejitokeza akidai anawajua wakubwa, akashauri iandaliwe bahasha ya kulainisha mambo. Shangazi akamsikiliza vizuri, akamwuliza, "Risiti utatuandikia kwa jina la nani?" Yule bwana akakumbuka ana safari.

Safari ya kwanza bungeni ilikuwa aibu tupu. Tulikwenda na maelezo manene kama godoro, yenye majedwali. Mheshimiwa tuliyepewa aliyapokea kwa heshima zote, akayatumia kujipepea mpaka mwisho wa mazungumzo. Kwenye korido Shangazi alituambia kwamba tumeongea kihasibu na mtu ambaye hajafanya kosa lolote la kustahili adhabu hiyo. Tangu siku hiyo tulibeba ukurasa mmoja. Naye akawa anaanza na swali: "Mheshimiwa, ukiletewa karatasi useme mabomba yamefika, na wewe umetazama stoo ukakuta panya tu, utasaini?" Hakuna aliyewahi kujibu ndiyo. Na akishasema hapana, Shangazi anamwambia, "Basi kwa sheria ya sasa, twende nikuoneshe kituo cha polisi."

Aliyetutoa jasho ni mwenyekiti wa kamati ya sheria, mama mmoja mwembamba aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliyetukalisha kwenye viti kama wanafunzi waliochelewa. Alisikiliza swali la mabomba bila kucheka. Kisha akasema, "Nimeona wahasibu waliosaini wakijua. Wao ndio waliofanya zahanati ya kwetu ikose paa. Leo mnataka niwalinde?"

Wenzangu walianza kujitetea wote kwa mpigo. Shangazi akawanyamazisha kwa mkono. "Dada yangu, una haki," akasema. "Basi andika yote mawili. Anayekataa kusaini uongo alindwe. Anayesaini akijua ni uongo, adhabu yake iwe kubwa kuliko ya sasa."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Wenzako wanajua unayoyasema?"

"Watayajua leo."

Waliyajua, na walimjia juu. Simu zilimiminika ofisini. Alituhumiwa kwamba ametumwa kuwaombea wenzake ulinzi akarudi na jela. Wapo waliofuta michango yao, na rafiki yake wa tangu masomoni aliacha kumsalimia, jambo lililomuuma kuliko matusi yote. Lakini hakurudi nyuma. Alisema hatuwezi kumwomba mwananchi atuamini halafu tukatae kuwajibika kwake, na kwamba kama utetezi ni wa kutulinda sisi peke yetu, yule mzee mkaguzi alikuwa sahihi na tufunge mfuko.

Muswada ulipelekwa. Ukasomwa mara ya kwanza. Kisha bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, na kila kilichokuwa hakijapitishwa kikafa hapohapo. Siku ile Shangazi alikaa kwenye kiti chake bila kugusa faili hata moja, na hilo lilitutisha. Mumewe, fundi cherehani wa ile barabara ya nyuma, alikuja kumchukua. Nilimsikia akimwambia wakati anamkunjia koti, "Mama watoto, wateja wangu wakirudisha suruali, huwa sifungi duka." Shangazi akacheka bila kutaka. Uchaguzi ulipokwisha alikuwa ameshapata orodha ya wabunge wapya na anajifunza majina yao kwa sauti, sisi tukijifunza naye tupende tusipende.

Mara ya pili muswada ulipita. Yule mwalimu, aliyekuwa amerudi bungeni, ndiye aliyeutetea, na vifungu vyote viwili vilibaki. Shangazi alikuwa kwenye roshani ya wageni, mahali ambapo hairuhusiwi kupiga makofi. Hakupiga. Alipiga chafya kubwa sana, na walinzi hawakujua wafanye nini.

Kuna jambo lazima niliseme, kwa sababu Shangazi mwenyewe hapendi sifa zisizo na upande wa pili. Sheria ile haikumsaidia Mpole. Haikugusa mambo yaliyotokea kabla yake. Kesi yake ilifutwa baadaye kwa njia nyingine, lakini miaka ile aliishi kwa kuwatengenezea mahesabu wenye maduka madogo, akiwemo mume wa Shangazi, na alipoitwa arudi kazini alisema hawezi kupita tena kwenye mlango ule. Shangazi alikwenda kwake kumwomba msamaha kwa miaka aliyokataa kuchangia. Mpole, kama tulivyotarajia, akamwomba radhi yeye kwa kumsumbua kupanda kilima hadi kwake. Sasa hivi anafundisha uhasibu chuoni, na kifungu kile hukifundisha wiki ya kwanza, kabla ya mizania. Atakuwepo kwenye sherehe yetu ya kumuaga Shangazi. Mpisheni kiti cha mbele.

Nilimwuliza Shangazi mwezi uliopita ni kitu gani anachojivunia zaidi. Akanirudishia swali: nimesikia habari za binti wa dawati la malipo? Nilikuwa nimezisikia. Binti huyo, aliyeajiriwa mwaka jana, aliletewa hati asaini kwamba kazi fulani imekamilika, nayo haikuwa imekamilika. Akakataa. Akaandika sababu zake kama kifungu kinavyotaka, akapeleka nakala kwa mkaguzi, akaenda nyumbani. Kesho yake alikuja kazini, akatundika mkoba wake, akapiga umbea kidogo na mwenzake kuhusu kiatu kipya, akaendelea na kazi. Hakuna aliyekuja kumchukua. Hakuna aliyemwita pembeni. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kuna wakati hilo lingekuwa habari.

"Ndiyo hilo," Shangazi akasema. "Hakuna kilichotokea."

Shangazi, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa sauti uliyotuazima tulipokuwa hatuna yetu, na kwa kutulazimisha tulipe mchango huku tumenuna. Tunamshukuru mumeo fundi kwa kutuvumilia miaka yote tuliyokuchelewesha kurudi nyumbani, na watoto waliokula chakula kilichopoa kwa sababu yetu. Nenda ukapumzike, ule ukiwa umekaa, uwagombeze wajukuu kwa sauti yote uliyonayo. Afya njema iwe nawe, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na za raha. Sisi wapwa zako tutakuja kukuamkia, hata usipotuita.