Shika Pumzi na Picha Iliyoishia Kifuani

Marehemu, tuliyezoea kumwita Shika Pumzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1985 na stashahada ya upigaji eksirei mwaka 1989.

Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitali kuu, chumba namba nne, na hakuhama. Jina lake lilitokana na amri aliyowapa wagonjwa: "Vuta pumzi, ishike!" Wanafunzi wake aliwakazia sheria moja: fomu ya daktari ndiyo mkubwa wa chumba.

Tarehe 18 Desemba 1993 alimwoa mwalimu wa hesabu. Wakati wa picha aliwaamuru wote washike pumzi, kamera ikagoma. Shangazi akafoka, "Bwana harusi, tuachie roho zetu!"

Mei 2021 alijikuta na tezi iliyovimba shingoni. Vipimo vikaonyesha limfoma, saratani ya tezi za limfu, zilizotapakaa mwilini. Kabla ya tiba ilipasa ijulikane imesambaa hadi wapi, lakini daktari aliandika picha ya CT, eksirei ya kompyuta, ya shingo na kifua tu.

"Daktari, na tumbo je?"

"Mzee, leo wewe ni mgonjwa. Tuachie kazi yetu."

Mpiga picha alikuwa binti wa chumba namba nne, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe. "Mwalimu, niteremke mpaka nyonga? Ni sekunde chache tu."

"Fomu inasemaje?"

"Shingo na kifua."

"Basi piga kilichoandikwa."

Ugonjwa ukaandikwa hatua ya pili, yaani haujashuka chini ya kifua. Alipewa mizunguko michache ya dawa na mionzi, akaambiwa amepona. Februari 2022 mgongo ulimnyima usingizi. Safari hii alipigwa picha mwili mzima: tezi zimejaa tumboni, bandama imevimba. Je, zilikuwepo tangu mwanzo? Dada yake aliwauliza madaktari watatu. Wote walisema haiwezi kujulikana, kwa kuwa tumbo halikupigwa picha. Mmoja aliongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki, mgonjwa akisikia.

Marehemu hakumlaumu binti yule, na alimkataza kulia. Agosti alimwandikia mganga mkuu: mgonjwa wa limfoma asianze tiba kabla ya kupigwa picha toka shingoni hadi nyonga, na mpiga picha akiona fomu ina upungufu, airudishe. Barua ilipokewa, ikagongwa muhuri. Kila wiki aliuliza, "Wamejibu?" Alifariki Jumanne, tarehe 15 Novemba 2022, saa tatu asubuhi, bila jibu.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, mama mzazi na dada yake, kitinda mimba, anayewasomea haya.

Yeye sasa apumzike, amani iwe naye. Jumatatu mjane wake na dada yake watakwenda masjala kuuliza barua imefika wapi, na binti wa chumba namba nne amesema atafuatana nao.